Segera: Leseni Hailiwi, Mtaji Huliwa

Segera haina mlima wa kupanda wala ufukwe wa kuogelea, na sijawahi kukutana na mtalii aliyeniambia anakwenda Segera. Hata hivyo, anayetaka kuujua utalii wa Tanzania kwa kuanzia jikoni na akae hapa njiapanda tangu supu ya asubuhi hadi jua lipinduke. Barabara inayotoka Dar es Salaam, ikishapita Msata, daraja la Wami, Mbwewe, Mkata na Kabuku, hufika hapa ikagawanyika. Kulia ni Hale, Muheza na Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 75. Kushoto ni Korogwe, Mombo, Same, Moshi na Arusha. Mabasi ya Mombasa hukata kulia kuelekea mpaka wa Horohoro. Ya Nairobi hukata kushoto. Anayekwenda kwa gari kutoka Dar kupanda Kilimanjaro, au anayeshuka kutoka Serengeti kwenda kupumzika pwani ya Pangani, ni nadra kuikwepa Segera, hata kama jina lake halimo kwenye ratiba aliyopewa na kampuni.

Basi likisimama, konda hutangaza dakika za kula na kuchimba dawa, na hapo ndipo mgawanyo wa kazi unapoonekana bila mtu kukueleza. Vijana wa kiume ndio wanaokimbilia madirishani na maji, korosho, karanga, mayai ya kuchemsha na machungwa ya Muheza ndani ya mifuko ya wavu. Wanawake wako nyuma yao, kwenye mabanda yenye moshi: wali, maharage, samaki wa kukaanga, chapati, kuku wa kienyeji. Lile yai linalopanda dirishani limechemshwa na mwanamke. Kijana amelinunua kwake kwa bei ya jumla, au anamuuzia kwa kamisheni. Kwenye migahawa mikubwa iliyo pembeni mwa lami, dereva na konda hula bure, kwa sababu wao ndio walioleta abiria. Aliyewapikia hulipwa kwa siku, na siku ambayo mabasi ni machache huambiwa asije.

Swali lililonipeleka Segera ni la miaka michache iliyopita: korona ilipouangusha utalii, nani alipoteza nini kati ya mwanamke na mwanamume? Maofisini swali hili hujibiwa kwa asilimia. Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti mwaka 2019, miezi michache kabla ya janga, ikionyesha kwamba wanawake ni asilimia 54 ya wafanyakazi wa utalii duniani, na kwamba kwa wastani malipo yao ni pungufu kwa asilimia 14.7 kuliko ya wanaume. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kumaliza mjadala akiwa kitini: walikuwa wengi, walilipwa kidogo, basi waliumia zaidi. Mimi nilitaka kujua waliumia kwa njia gani, na kwa nini watalii waliporudi, wapo waliorudi nao kazini na wapo waliobaki pale pale walipoangukia.

Tukumbushane mwaka ule. Machi 16, 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, mwanamke Mtanzania aliyekuwa amerejea kutoka Ubelgiji na kushukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake shule zikafungwa. Mwezi Aprili ndege za kimataifa za abiria zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18. Hatukuwekewa amri ya kutotoka nje usiku kama Kenya, wala hatukufungiwa majumbani kama Uganda. Misikiti na makanisa yalibaki wazi, masoko yalibaki wazi, na mabasi ya mikoani yaliendelea kupita Segera. Ya Nairobi na Mombasa ndiyo yaliyokatika kabisa, maana Mei 16 Rais Uhuru Kenyatta aliufunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa wote isipokuwa malori ya mizigo.

Watalii wa kigeni walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867, ukizingatia kuwa Januari na Februari zilikuwa bado miezi ya kawaida. Kenya nayo ilishuka kutoka zaidi ya milioni mbili hadi chini ya 600,000. Aprili 2020 Wizara ya Maliasili na Utalii, iliyokuwa chini ya Dk. Hamisi Kigwangalla, ilikadiria kuwa ajira za moja kwa moja katika utalii zingeshuka kutoka 623,000 hadi 146,000.

Takwimu hiyo ya mwisho nilimsomea mama mmoja mwenye banda la chakula, upande wa barabara unaoelekea Korogwe. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza kama nimekula, na kabla sijajibu alikuwa ameshachota wali. Aliisikiliza takwimu yangu mpaka mwisho, kisha akacheka.

“Sasa mimi walinihesabu wapi?” akauliza. “Maana dereva wa watalii alikuwa ananipigia akiwa Wami: mama, niwekee sahani sita, nakuja na wageni na wenzangu wa gari la pili. Nawawekea. Wanakula, wananilipa, wanakwenda zao mbugani. Yule dereva yumo kwenye hesabu yako?”

Nikamwambia bila shaka yumo.

“Na mimi niliyemlisha?”

Hakuwa na mkataba, hakuwa na namba ya NSSF, hakuwa na hati ya mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyeachishwa kazi kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, lakini sheria haina la kumwambia mtu ambaye mwajiri wake ni sufuria yake mwenyewe. Wasichana wawili waliokuwa wakimsaidia kuosha vyombo na kukata mboga nao hawakuwa kwenye daftari la yeyote. Watu watatu walipoteza kazi katika banda lile, na kwa upande wa takwimu hakuna aliyepoteza kitu.

Nilidhani ataanza na habari ya fedha, lakini alianza na maji. Agizo la mwaka ule lilikuwa kila anayeuza chakula aweke ndoo yenye koki, sabuni na maji tiririka. Lilikuwa agizo jema. Lakini Segera iko Handeni, wilaya yenye shida ya maji tangu enzi za wazee. Bomba lake kuu, ambalo wenyeji wanaliita HTM, lilijengwa miaka ya 1970 kuvuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, na watu wameongezeka kupita uwezo wake. Mradi wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India na ambao Handeni na Korogwe zimo, mikataba yake ilisainiwa Juni 2022, korona ikiwa imeshapita kilele. Kwa hiyo mwaka 2020 maji ya kunawa abiria wa basi zima yalinunuliwa kwa ndoo au yalifika kwa kichwa cha mtu. Kichwa hicho kilikuwa cha mama huyu, na cha binti yake ambaye shule ilikuwa imefungwa. Kijana wa dirishani hakutakiwa kuwa na ndoo, kwa kuwa sinia lake halina pa kuitundika. Kinga ya taifa ilipofika barabarani, ikawa kazi ya ziada ya wanawake, na hiyo haikulipiwa na abiria wala na halmashauri.

Kisha likaja suala la abiria wenyewe. Mabasi yalisimama kama kawaida, ila watu waliogopa kushuka, waliogopa sahani, waliogopa kijiko. Walinunua vya dirishani vilivyofungwa: maji, biskuti, karanga. Vijana wakapunguza, lakini wakaendelea. Banda la wali likabaki na nzi.

“Sikufunga hata siku moja,” mama akaniambia, na nikaona kwamba hilo ndilo lililomuumiza. Angefunga siku moja, akakusanya vyombo, angejua amebaki na kiasi gani. Badala yake biashara ilimwishia mikononi kidogo kidogo. Kwanza aliacha kupika kuku. Kisha mmoja wa wale wasichana akarudi kwao Kabuku, na wa pili akamfuata. Kisha kilo tano za mchele zikawa mbili. Marejesho ya kikoba yalipofika akauza mtungi wa gesi na kurudi kwenye mkaa. Na katikati ya hayo yote, mumewe alirudi nyumbani kutoka Arusha.

Mumewe ni dereva wa kampuni ya utalii. Alirudi mwezi Aprili na begi, sare mbili na maneno “likizo bila malipo”. Kampuni yake haikuwa ya pekee kufanya hivyo. Katika biashara ile mshahara wa dereva kwa kawaida ni mdogo, na kinacholisha nyumba ni posho ya safari na bahshishi ya wageni. Pasipo safari, posho na bahshishi hazipo. Nyumba iliyokuwa na vipato viwili ikabaki na kimoja, nacho ni kile cha banda la wali lisilouza. Kwa zaidi ya mwaka lile banda lilinunua unga wa watu watano, likalipa daftari na sare shule zilipofunguliwa tena Juni 29, likalipa mafuta ya taa, likampa baba nauli ya kwenda Korogwe kutafuta vibarua vya lori.

“Mtaji wangu tuliula,” alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma orodha ya manunuzi. “Ulikuwa pale, tukaula ukaisha. Yeye leseni yake ilikaa kabatini muda wote ule na haikupungua hata herufi. Watalii waliporudi akapigiwa simu, akaitoa, akapanda basi. Leseni hailiwi, mwanangu. Mtaji unaliwa.”

Nimesoma maandiko kadhaa ya wataalamu kuhusu wanawake, wanaume na janga, na sikumbuki nililoliona likieleza jambo hili kwa ufupi namna ile. Tofauti haikuwa tu kwamba huyu alipoteza kazi na yule akapoteza kazi. Kazi ya mwanamume ilisimama, ikamsubiri. Ujuzi wake uliandikwa kwenye kadi yenye picha yake, na hakuna njaa inayoweza kuigeuza kadi ile kuwa ugali. Kazi ya mwanamke ilikuwa ndani ya mchele, mkaa, mtungi na fedha ya kuzungusha, vitu ambavyo nyumba yenye njaa huvimaliza. Na ni yeye mwenyewe aliyevimaliza, kwa kuwa hakuna mama atakayepika wali wa kuuza wakati watoto wake wamelala na njaa.

Nisiwaonee wanaume. Pale pale Segera kulikuwa na gari la utalii la rangi ya mchanga, paa lake la kufunguka, limeegeshwa kivulini, na dereva wake alikuwa anakula mahindi ya kuchoma akisubiri wageni wake wamalize kupiga picha za machungwa. Nilimsalimia kaka, habari za safari, tukaongea. Mwaka 2020, alisema, aliwashusha wageni wa mwisho uwanja wa ndege mwezi Machi, akarudisha gari gereji, na tajiri akamwambia angoje. Aliuza pikipiki. Akabeba magunia sokoni, yeye aliyezoea kuwaeleza Wajerumani tofauti ya chui na duma. Lililomkera zaidi ni macho ya majirani: mwanamume mzima, saa nne ya asubuhi, amekaa barazani. Wenzake waliingia kwenye bodaboda, wengine wakarudi kulima kwao Upareni na Usambaani. Wapagazi wa Kilimanjaro, karibu wote wanaume, wanaopanda na mzigo hadi wa kilo 20 na kulipwa kwa safari, walibaki mikono mitupu tangu siku ya kwanza. Wengi wao hawana leseni wala mkataba. Hao hali yao ilikaribiana na ya mama wa banda kuliko ya dereva.

Nilipomwuliza nani aliyelisha nyumba yake kipindi hicho, alitafuna kwanza. “Mke wangu alikuwa na genge,” akasema.

“Bado analo?”

“Hapana. Sasa yuko nyumbani.”

Gari likaondoka kuelekea Tanga, nami nikapanda Hiace ya Korogwe. Ni mwendo mfupi, chini ya kilomita 20, katikati ya mashamba ya mkonge. Korogwe ni mji wa reli na wa mkonge, na mwishoni mwa mwaka 2019 ulikuwa umepata neema ndogo: Desemba ile treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejea baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, na wauza vyakula wa stesheni wakapata wateja wapya. Miezi mitatu baadaye ikaja korona.

Karibu na soko nilimkuta dada mmoja mwenye kibanda cha kusuka nywele. Kabla ya janga alikuwa Unguja, pwani ya mashariki, akitandika vitanda katika hoteli ya kitalii. Alinionyesha kwa taulo ya wateja wake namna ya kukunja shingo ya ndege na kuiweka juu ya shuka; mikono ilikuwa haijasahau. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264, na mwaka uliofuata 260,644. Katika hoteli yake wafanyakazi wa msimu walilipwa mwezi wa Machi na kuambiwa simu zao ziwe hewani. Akapanda boti, kisha basi, akashuka Korogwe kwa mama yake, ambako mwanawe alikuwa akilelewa kwa fedha alizokuwa akituma kwa simu kila mwezi.

Simu ilikuja. Wageni walianza kurudi Zanzibar mapema kuliko sehemu nyingi za dunia, na hoteli ilitaka watu. Lakini alitakiwa aripoti ndani ya siku chache, alale kwenye nyumba za wafanyakazi ambako mtoto haruhusiwi, na wakati huo mama yake alikuwa ameanza kuugua miguu. Mhudumu wa mezani aliyefanya naye kazi, kijana wa Muheza mwenye watoto wawili, alipigiwa simu wiki ile ile. Akaenda. Hakuna aliyemwuliza watoto anamwachia nani, kwa sababu jibu lilijulikana.

“Siyo kwamba walininyima,” dada huyo alisema. “Waliniita kabisa. Ila mimi kwenda kwangu ni mpaka nipange watu watatu. Yeye kwenda kwake ni kufunga begi.”

Kabla ya janga ule mpangilio wa watu watatu ulikuwepo na uliwezekana, kwa sababu bibi alikuwa na nguvu na fedha ya hoteli ilifika kila mwezi. Janga lilikata fedha, fedha ikakata mpangilio, na mpangilio uliokatika haurudi kwa simu moja. Nywele zinamlipa kidogo kuliko vitanda, lakini anazisuka huku mwanawe akifanya kazi za shule pembeni ya miguu yake.

Kutoka Korogwe barabara huzunguka chini ya milima ya Usambara hadi Mombo, na hapo njia nyingine hupanda kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto. Huko juu utalii ni wa kutembea kwa miguu: msitu, maporomoko, vijiji vya Wasambaa, chakula cha mchana nyumbani kwa mkulima. Ulianza kupangwa miaka ya 1990 chini ya mpango wa utalii wa kitamaduni, na kwa muundo wake ni mzuri, kwa kuwa fedha huingia kijijini. Lakini tazama inavyoingia. Mwongozaji, mara nyingi mwanamume, hulipwa kwa siku. Mama anayepika chakula cha mchana hulipwa kwa sahani.

Kuna tofauti nyingine, na hii niliitambua pale Mombo, nikingoja gari pamoja na mwongozaji mmoja aliyekuwa akishuka kuwapokea wageni. Alinieleza kwamba mwaka 2020 wateja wake wa zamani walimwandikia kutoka Ulaya kumjulia hali, na wawili wao wakamtumia fedha. Alilipa kodi ya nyumba kwa fedha hizo na hakuona haya kusema. Nilimwuliza kama yule mama anayewapikia wageni wake naye alitumiwa. Alifikiri kidogo, akasema wageni hawana namba yake. Wamekula kwake, wamesifu maharage yake, wamepiga picha jiko lake la mafiga matatu. Jina wanalolijua ni la mwongozaji.

Basi ukiweka pamoja Segera, Korogwe na Mombo, unapata picha ambayo asilimia 54 haiwezi kuichora peke yake. Wanaume katika utalii wengi wamekaa mahali pa kuonekana: kwenye usukani, mbele ya msafara, mezani kwa mgeni. Wanawake wengi wamekaa nyuma ya kitu: nyuma ya moshi, nyuma ya mlango wa chumba, nyuma ya jina la mtu mwingine. Janga lilipopiga, wote walianguka. Wakati wa kuinuka, aliyeonekana alikuwa na leseni ya kuonyesha, uhuru wa kufunga begi, na namba ya simu iliyohifadhiwa Ulaya.

Serikali nayo ilijitahidi kuinua. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25, na Oktoba 10 mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kampeni ya maendeleo ya shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19. Yakajengwa madarasa 15,000. Wizara ya Maliasili na Utalii ilitengewa shilingi bilioni 90.2, na sehemu ya fedha hizo ilinunua mitambo ya kutengeneza barabara za hifadhini. Chanjo ilikuwa imeanza Julai 28. Mwaka 2022 ikazinduliwa filamu ya kutangaza utalii wa nchi, Royal Tour. Idadi ya watalii ikapanda: 1,454,920 mwaka 2022, kisha 1,808,205 mwaka 2023, ikiwa imeipita ile ya kabla ya janga.

Sina ugomvi na mitambo ya barabara. Barabara ikiwa mbovu Serengeti, dereva hana safari, na asiye na safari hapigi simu kutoka Wami. Ila fedha ile ilishuka kwa njia ya hifadhi, na banda la Segera halimo hifadhini. Njia iliyokuwa yake ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa kwa wanawake asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Aprili 2023, mwaka ule ule ambao watalii walivunja rekodi, mikopo hiyo ilisitishwa nchi nzima ili utaratibu wake urekebishwe, na haikurejea hadi mwaka uliofuata. Waliokuwa wanatafuta mtaji wa kurudisha sufuria jikoni wakabaki na vikoba, na wengine wakaangukia mikopo ya kausha damu, ambayo riba yake hula mtaji kwa kasi kuliko watoto watano.

Kilichoiokoa Segera, ukiwauliza wenye mabanda, ni Watanzania. Tulioendelea kwenda misibani, mashambani, vyuoni na kwenye harusi ndio tuliokula wali hofu ilipopungua. Walioanza kwenda kutembea Magoroto kule Muheza au kupunga upepo Lushoto nao walisimama hapa. Mgeni wa ndege hula Segera mara moja katika maisha yake. Mwanafunzi wa chuo hula kila anapofunga na kufungua. Nadhani mipango ya utalii ingempa huyu mwanafunzi heshima kidogo.

Mabadiliko nayo hayasubiri mtu. Tangu Oktoba 2023, baada ya zaidi ya miaka 20 ya katazo, mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na Segera sasa ina soko la saa saba na saa nane za usiku. Nilibaki kuliangalia. Taa zinawaka, basi linaingia, na wanaolikimbilia ni vijana wa kiume. Baadhi ya wanawake wapo, wamejifunga kanga mbili kwa baridi. Yule mama hayupo. Hufunga saa mbili usiku, kwa sababu ya watoto na kwa sababu ya njia ya kurudi nyumbani ambayo haina taa. Mayai yanayouzwa usiku ni yake. Faida ya usiku ni ya kijana.

Asubuhi nilirudi kunywa chai kwake, nikamwuliza mtaji umefikia wapi. Akavuta kutoka chini ya meza daftari la kaunta lenye jalada gumu. Kurasa za mbele ni za mauzo. Za nyuma zina kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu: Deni la Baba. Mumewe aliporudi kazini walikaa, wakaandika kila kilichouzwa au kuliwa kwa ajili ya nyumba: mtungi na gesi yake, sufuria, mchele, fedha za kikoba. Tangu siku hiyo, kila safari inapoisha, baba hutuma fedha mara mbili. Ya kwanza ni ya matumizi. Ya pili huingia kwenye kurasa za nyuma, na mama huiwekea tarehe.

“Wenzangu wengi waliambiwa asante,” alisema. “Asante ni neno zuri. Lakini haijazi mtungi.”

Tanzania ilipokopa IMF, deni liliandikwa na ratiba ya kulilipa ikapangwa. Nyumba nyingi katika barabara hii zilikopa kwa mama, zikala, zikaishi, na hazikuandika popote, kwa hiyo hazioni kama zinadaiwa. Daftari la Segera linaonyesha kuwa deni hilo linahesabika. Linalipika pia: msichana mmoja wa kuosha vyombo ameshaitwa kutoka Kabuku, kuku wamerudi kwenye ubao wa bei, na katika kurasa za nyuma yamebaki mambo mawili, mtungi mmoja mkubwa na sufuria ya pilau.